BEI YA LITA NA BEI YA KAZI

Kila mwezi Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati, ile tuiitayo ZURA, inapotangaza bei za mafuta, wananchi wa Unguja huziweka lita mbili bega kwa bega, moja ya petroli na moja ya dizeli, na papo hapo huamua ipi ni rahisi na ipi ni ghali. Ubishi huo husikika Darajani miongoni mwa madereva, na husikika pia Kendwa na Nungwi, wavuvi wanapojaza madumu yao kabla ya kwenda baharini. Sisi tunaona kwamba hesabu hiyo ina kasoro, na kwamba anayeumia zaidi kwa kasoro hiyo ni yule mwenye kipato kidogo.

Lita ni kipimo cha ujazo tu, na mwenye mashine hununua mafuta ili apate kazi. Lita ya dizeli ni nzito kuliko ya petroli, na nguvu iliyomo ndani yake huzidi kwa kiasi cha sehemu 10 hadi 13 katika 100. Tena mashine zenyewe hazikuundwa namna moja. Katika mashine ya petroli, mafuta huchanganywa na hewa kisha huwashwa kwa cheche ya plagi. Katika mashine aliyoibuni Mjerumani Rudolf Diesel, na ambayo ilithibitika kufanya kazi mwaka 1897, hewa hubanwa sana hata ikawa moto mkali, ndipo mafuta hunyunyizwa ndani yakawaka bila ya cheche. Kubana huko ndiko kunakoleta faida. Kwa kawaida mashine ya dizeli hugeuza kuwa kazi sehemu 35 hadi 40 katika kila 100 za nguvu ya mafuta, hali ya petroli hupata sehemu 25 hadi 30. Zilizobakia hupotea katika joto na moshi.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme kazi inayotaka lita 10 za petroli inatimizwa kwa lita 7 za dizeli. Bei zikiwa sawa, faida ni dhahiri. Lakini hata dizeli ikipanda, lita ya petroli ikawa shilingi 100 na ya dizeli 120, mwenye petroli atalipa shilingi 1,000 na mwenye dizeli 840. Tukumbuke kwamba mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, dizeli iliipita petroli kwa bei katika nchi nyingi, na watu wengi wakadhani kwamba faida yake imekwisha. Haikuwa hivyo kwa kila mtu.

Kwa nini, basi, wavuvi wetu wengi wangali wanatumia mashine za petroli za kupachika nyuma ya chombo? Sababu zao si za kijinga. Mashine hiyo ni rahisi kuinunua, huchukuliwa begani ikalazwa nyumbani, na mafundi wake wako karibu. Huko Paje na Jambiani, ambako maji yakitoka hukimbia mbali sana, ni lazima mashine iinuliwe; chombo chenye mashine ya ndani na rafadha chini ya maji kitapata taabu. Lakini Kendwa maji hayatoki kwa umbali huo, na chombo huweza kukaa nangani. Hapo ndipo mashine ya dizeli ingefaa, nayo haishiki moto kwa wepesi kama petroli. Kizuizi kikubwa ni bei ya kuinunua.

Huu ndio msiba wa mnyonge. Kwa kuwa hana fedha za kununua mashine itumiayo mafuta kidogo, hununua ile anayoiweza, kisha huilipia kila siku aendayo baharini. Na katika vyombo vingi gharama ya mafuta hutolewa kwanza, kabla ya mgao; kwa hiyo kila lita iliyopotea bure imekatwa katika chakula cha watoto wa baharia. Wazee walisema, rahisi huvunja upishi.

Hatusemi kwamba dizeli yafaa kila mahali. Umeme ulipokatika Unguja nzima mwezi Mei 2008, kwa kiasi cha mwezi mmoja, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, mashine ndogo za petroli zilinguruma kila mtaa. Kwa saa moja au mbili za giza zinafaa. Kwa miezi mitatu, usiku na mchana, ziliwafilisi wenye maduka, na mahoteli yenye jenereta kubwa za dizeli yakawa na nafuu zaidi. Funzo ni hili: kazi ya saa chache, petroli inatosha; kazi ya kila siku yenye mzigo mzito, dizeli hurudisha gharama zake. Nayo ina masharti yake. Inataka mafuta safi yasiyo na maji, na fundi anayejua pampu zake. Moshi wake nao si wa kuchezea, kwani mwaka 2012 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliuhesabu miongoni mwa visababishi vya saratani. Jenereta isiwekwe dirishani pa wafanyakazi.

Tunawashauri ndugu zetu wavuvi na madereva kuanza na daftari. Iandikwe kila safari: lita ngapi, saa ngapi, mapato kiasi gani. Baada ya miezi mitatu daftari litasema lenyewe. Kisha wenye vyombo vitatu au vinne waungane katika ushirika, wakope pamoja, wanunue pamoja, na fundi wao awe mmoja. Na wenye dhamana ya mikopo waitazame mashine iokoayo mafuta kuwa ni chombo cha kazi kinachojilipa. Bei ya mafuta hatuipangi sisi, lakini kiasi tunachokiunguza kimo mikononi mwetu. Shime, tuanze kuhesabu.