Panga au Bawa?

Mkazi wa Mashuuru hahitaji kufundishwa upepo ni nini, kwani humtimulia vumbi machungani mchana kutwa. Akivuka hadi upande wa pili wa kaunti hiyo hiyo ya Kajiado, ataona upepo ukifanya kazi nyingine. Huko Ngong, mitambo miwili ya kwanza ya umeme wa upepo, msaada wa Ubelgiji, ilisimamishwa mwaka wa 1993. Kule Kipeto, mitambo 60 yenye uwezo wa megawati 100 ilianza kazi mwaka wa 2021.

Muulize kijana yeyote kile kinachozunguka huitwaje. Atakujibu: panga. Sina ugomvi naye. Nami nimelitumia neno hilo miaka mingi, tena mbele ya wanafunzi wangu. Lakini panga hukata, na kifaa kile hakikati kitu. Hewa hupita upande mmoja kwa kasi kuliko upande wa pili, shinikizo likapungua upande huo, nacho kikavutwa huko, kama bawa la tai linavyombeba angani bila yeye kulipiga. Hilo basi ni bawa. Albert Betz, Mjerumani, alionyesha mwaka wa 1919 kwamba haliwezi kunasa zaidi ya asilimia 59 ya nguvu za upepo. Upepo ukinyang'anywa nguvu zote utasimama nyuma ya mtambo na kuuzuia ule unaofuata.

Hayo ni ya vitabuni. Mwaka wa 2000, watafiti wa Marekani waliuweka mtambo wenye mabawa ya kipenyo cha mita 10 ndani ya handaki kubwa la upepo la NASA huko California, wakapima shinikizo la hewa juu ya bawa lenyewe. Kabla ya matokeo kutolewa, mabingwa wa Ulaya na Marekani waliombwa wabashiri kwa hesabu zao. Makadirio yao yalipishana vibaya, hata pale upepo ulipovuma sawasawa kutoka mbele.

Ikiwa mabingwa walikosea ndani ya nyumba iliyofungwa, itakuwaje Ngong, juu ya mita 2,000, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban moja kwa tano, na upepo hupanda mteremko kwa misukosuko? Serikali haina budi kumtaka kila mwenye leseni atenge mtambo mmoja upimwe na watafiti wa vyuo vyetu vikuu, na matokeo yachapishwe kwa Kiswahili pia, ambacho Katiba ya 2010 imekifanya lugha rasmi. Nitaambiwa hakina istilahi. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na TUKI mwaka wa 1990!

Mradi wa upepo wa Kinangop ulifutwa mwaka wa 2016 baada ya mzozo wa ardhi. Sidai kwamba istilahi zingeuokoa. Lakini kesho mwekezaji akifika Mashuuru na mkataba mkononi, mzee wa boma atauliza kwa nini mitambo isimame mbalimbali hivyo na kutandaa katika malisho yake yote. Jibu lipo: upepo ukishapita kwenye mabawa hutoka umechoka na kuvurugika, nao huhitaji mwendo mrefu kabla ya kupata nguvu tena. Nani atamweleza hayo kabla hajatia sahihi, na kwa lugha gani?