Polisi waje uwanjani, lakini waje kulinda watu



Tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, inakaribia, na kama kila mwaka kutakuwa na mpira. Maneno yameshaanza huko kwenye zoni. Wengine wanasema polisi wasije kabisa, eti wakija ndio wanaleta fujo. Wengine, hasa viongozi, wanasema polisi waongezwe, na fujo ikitokea hata kidogo mashindano yafutwe. Mimi ni mmoja wa wale wanaojitolea kupanga watu pembeni ya uwanja, na naona pande zote mbili zinabishana juu ya idadi tu. Idadi ya polisi si jambo kubwa. Jambo kubwa ni hili: wamekuja kufanya nini, na watu wakitaka kutoka haraka watapita wapi?

Nisikilizeni kwanza nieleze kilichotokea kwa wenzetu duniani, ndipo nirudi kambini.

Tarehe 1 Oktoba 2022, kule Indonesia kwenye uwanja wa Kanjuruhan, timu ya Arema ilifungwa nyumbani 3–2 na Persebaya. Mashabiki wa Arema wakaingia uwanjani baada ya filimbi ya mwisho. Polisi wakapiga mabomu ya machozi, na mengine yakaangukia kwenye majukwaa, kwa watu waliokuwa wamekaa kwenye nafasi zao. Watu wakakimbilia milango. Milango ilikuwa myembamba na mingine haikuwa imefunguliwa vizuri. Walikufa watu 135, na kati yao walikuwemo watoto. Sasa shikeni jambo moja hapo: mashabiki wa Persebaya hawakuwepo. Walikuwa wamekatazwa kuja, ili mashabiki wasipigane. Kwa hiyo hao 135 hawakuuawa na wapinzani wao wa mpira. Waliuawa na moshi pamoja na milango.

Mtu atasema hiyo ni bahati mbaya ya siku moja. Hapana. Lima, Peru, tarehe 24 Mei 1964: refa alikataa goli, watu wawili wakaingia uwanjani, polisi wakapiga gesi kwenye majukwaa. Watu wakashuka ngazi kukimbilia nje, wakakuta milango ya chini imefungwa. Walikufa 328 kwa hesabu ya serikali. Wengi walifia huko kwenye ngazi, wakati waliobaki wamekaa juu walipona. Accra, Ghana, tarehe 9 Mei 2001, Hearts of Oak na Asante Kotoko: mashabiki waliofungwa wakaanza kurusha viti, polisi wakajibu kwa gesi, milango ikakutwa imefungwa, wakafa zaidi ya 120. Na ninyi Wakongomani wenzangu hamjasahau Kinshasa, tarehe 11 Mei 2014, Vita Club na TP Mazembe pale Tata Raphaël. Fujo ikaanza, gesi ikapigwa, watu wapatao 15 hawakurudi nyumbani.

Nchi tofauti, miaka tofauti, lakini mambo yalifuatana vilevile. Wachache wanakosea. Polisi wanawaadhibu wote. Wote wanakimbia, na wanapokimbilia pamefungwa.

Tuelewane pia jinsi watu wanavyokufa kwenye msongamano, kwa sababu wengi tunadhani wanakanyagwa tu. Wengi wanakufa kwa kukosa hewa, tena wengine wamesimama. Kifua kinabanwa mbele na nyuma mpaka hakiwezi kupanuka kuvuta pumzi. Wataalamu wa mikusanyiko wanasema watu wakishafika 5 au zaidi kwenye mita moja ya mraba, hatari imeanza. Wakizidi hapo mtu hatembei tena kwa miguu yake, anapelekwa kama maji yanavyopeleka jani. Aliyeko nyuma anasukuma kwa sababu anataka hewa, wala hajui kwamba mbele kuna ukuta. Sasa mtu kama huyo ukimpigia bomu la machozi, unataka aende wapi? Gesi imetengenezwa kutawanya watu. Pasipo na njia ya kutawanyikia, inawabana.

Ndiyo maana kanuni za FIFA za usalama viwanjani zinasema askari na wasimamizi wanaokaa pembeni ya uwanja wasibebe wala kutumia bunduki au gesi ya kutawanya watu. Watu wa mpira wenyewe wameshaandika. Tatizo ni kwamba mara nyingi polisi wanaokuja uwanjani hawakusoma kanuni za mpira. Wanakuja na kanuni za kuzima maandamano.

Kuna jambo lingine ambalo kwangu ni kubwa kuliko gesi, nalo ni jinsi polisi anavyomtazama shabiki. Tarehe 15 Aprili 1989 kule Sheffield, Uingereza, kwenye uwanja wa Hillsborough, mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye uzio. Hapakuwa na gesi, hapakuwa na vita. Polisi walifungua geti kubwa ili kupunguza msongamano wa nje, lakini hawakuziba njia iliyopeleka watu moja kwa moja kwenye sehemu iliyokwisha jaa. Watu walipoanza kuruka uzio kuokoa maisha, polisi walidhani ni wahuni wanavamia uwanja. Walipanga mstari wa askari katikati ya uwanja kuzuia vita ambayo haikuwepo, huku mashabiki wenyewe wakibeba majeruhi kwa mbao za matangazo. Walikufa 97, wa mwisho akifa mwaka 2021 kwa majeraha ya siku ile. Halafu polisi wakasema mashabiki ndio walivunja geti. Ilichukua miaka 27, mpaka 2016, baraza la mahakama kusema wazi kwamba watu wale waliuawa isivyo halali, na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa.

Somo ni hili: ukija uwanjani unatafuta adui, utamwona adui hata kwa mtu anayeomba msaada.

Na inawezekana kufanya vingine. Mwaka 2004 Ureno iliandaa mashindano ya Ulaya. Watu waliogopa mashabiki wa Uingereza, maana walikuwa na jina baya. Lakini kwenye miji ya mechi polisi walitembea wawili wawili wakiwa na sare za kawaida, wakisalimia watu, wakizungumza nao. Kikosi cha ngao na virungu kilikuwepo, lakini kilifichwa mbali. Mtu akileta fujo, alishughulikiwa yeye peke yake, mapema. Kwenye mechi za Uingereza pale mijini fujo kubwa hazikutokea. Lakini kwenye mji wa pwani wa Albufeira, uliokuwa chini ya kikosi kingine cha polisi kisichofuata utaratibu huo, kulikuwa na ghasia usiku zaidi ya mmoja. Mashindano yaleyale, mashabiki wa nchi ileile, matokeo mbalimbali.

Sasa turudi kwetu.

Najua kuna atakayesema, «Ndugu, hizo ni habari za viwanja vikubwa. Sisi tuna uwanja wa vumbi, hauna hata ukuta.» Kweli, na hiyo ni neema, maana hatuna geti la kufunga. Lakini tazameni vizuri siku ya fainali. Mashabiki wanasimama juu ya mstari wa chokaa. Watoto wamekaa mbele kabisa, miguu iko ndani ya uwanja. Nyuma yao kuna akina mama wamebeba watoto mgongoni, nyuma yao vijana, nyuma yao baiskeli na pikipiki zimepangwa kama ukuta. Halafu wauza karanga na mandazi, halafu mtaro wa maji. Yaani ukuta tumejijengea wenyewe. Watu wote hao wakishtuka mara moja, wataoanguka kwanza ni watoto.

Na sisi tunashtuka haraka kuliko watu wengine. Hili naomba wakubwa wa mashirika na polisi walisikie bila kukasirika. Uwanjani pana watu waliokimbia Fizi, Uvira, Bujumbura, Rumonge. Mlio mmoja tu kama wa bunduki, mtu haulizi ni nini. Anamchukua mtoto wake anakimbia, na kama si wake anamchukua wa jirani. Afisa anaweza kudhani anatisha wahuni kumi. Lakini anaamsha vita vichwani mwa watu elfu.

Kwa hiyo sisemi polisi wasije. Wanaosema hivyo nawauliza: refa akipigwa, nani atamtoa? Mtu akichomoa kisu, sungusungu mwenye filimbi na fimbo atafanya nini? Na tusijifanye malaika. Fujo nyingi haziletwi na polisi. Zinaletwa na pombe ya asubuhi, na pesa za kamari, na matusi ya kabila ambayo mtu anayatupa kwa jina la ushabiki. Timu ikifungwa, mtu anaanza kusema «ninyi watu wa fulani.» Hapo si mpira tena, na kijana anayefanya hivyo anawapa sababu wale wanaotaka michezo ifutwe.

Na wanaotaka ifutwe nao wafikiri. Hapa kambini kijana hana ruhusa ya kwenda kutafuta kazi anakotaka, anakaa mwaka baada ya mwaka akisubiri. Mpira wa jumapili ni jambo moja ambalo Mrundi na Mkongomani wanafanya pamoja bila kuitwa kwenye semina. Ukiufuta kwa ajili ya watu kumi, umeadhibu mia tano, tena umewarudisha kila mtu kwenye bloku yake. Huko ndiko chuki inakopikwa.

Basi ninachoomba kwa mashindano haya ni mambo madogo, mengi hayana gharama.

Kwanza, kikao kabla ya mechi. Wakae makapteni wa timu, viongozi wa zoni, sungusungu, vijana wa kujitolea na afisa wa polisi atakayekuwepo siku hiyo. Si mkubwa wake, ni yeye mwenyewe. Wakubaliane nani anatoa amri, na kwamba hakuna nguvu inayotumika kabla watu hawajatangaziwa kwa kipaza sauti, kwa Kiswahili na Kirundi, na kupewa muda wa kuondoka.

Pili, kamba. Kamba ya kawaida, mita tatu kutoka kwenye mstari, kuzunguka uwanja wote. Mbele ya kamba hakai mtu. Watoto wapewe upande wao wenye nafasi, pamoja na watu wazima wa kuwaangalia.

Tatu, njia. Njia nne pana, moja kila upande, ambazo hapawekwi baiskeli, pikipiki wala meza ya biashara. Kila njia isimamiwe na wawili wenye vizibao vya rangi, na wawemo wasichana pia, kwa sababu mama mwenye mtoto hamsikilizi kila kijana anayepiga kelele. Kama njia inapita kwenye mtaro, liwekwe daraja la mbao mapema.

Nne, polisi wakae mahali panapojulikana, na sare ya kawaida, wawili watatu wakitembea na kusalimiana na watu. Wenye virungu na ngao wakae mbali na macho. Gesi isiletwe karibu na uwanja wenye watoto. Hapo sina maneno mengi: isiletwe.

Tano, mkosaji atolewe yeye. Sisi vijana tunawafahamu walevi wetu na wagomvi wetu kwa majina. Askari hawafahamu, ndiyo maana anapiga kundi. Tukimwonyesha mmoja mapema, kundi linapona. Na tukimficha kwa sababu ni wa kwetu, tusilalamike baadaye.

Sita, mechi ianze saa iliyotangazwa. Ikichelewa, inamalizika giza likiingia, kila mtu anataka kuwahi nyumbani kabla ya muda wa kutotembea, na hapo ndipo watu wanasukumana hata bila fujo.

Wakubwa wa mashirika, ninyi mnanunua jezi na vikombe kila mwaka, na tunashukuru. Mwaka huu jezi zikipungua seti moja, nunueni kamba, vizibao ishirini na kipaza sauti kimoja. Na mkiketi na polisi kwenye mikutano yenu ya usalama, msiulize tu «mtaleta askari wangapi.» Waulizeni watasimama wapi, na watafanya nini refa akikataa goli dakika ya 89. Kama hakuna jibu, hatujajiandaa, hata wakija mia.

Na sisi vijana tusisubiri kuitwa. Wanaotaka kushika kamba na kusimamia njia wajiandikishe kwa kiongozi wa michezo wa zoni yao wiki hii. Tunatafuta thelathini, nusu wasichana. Hakuna posho, nawaambia mapema. Kuna jua, vumbi, na matusi kidogo ya watu wanaotaka kukaa mbele. Lakini jioni watoto wote watarudi nyumbani wakibishana nani alifunga goli zuri zaidi, na kwa mpira hiyo inatosha.