Mashabiki Hawakuua Barons

Timu ikifa, lawama huenda kwa mashabiki. Eti hawakuja. Ndivyo inavyosimuliwa Cleveland Barons, timu ya hoki ya barafu iliyocheza NHL, ligi kuu ya Amerika Kaskazini, misimu miwili tu: 1976 hadi 1978.

Sawa, viti vilibaki wazi. Lakini nani aliitoa timu Oakland, California, akaipeleka Ohio, kwa uwanja wa viti zaidi ya 18,000 kule Richfield, mbali na katikati ya Cleveland? Wenye timu. Mapema 1977 mishahara ikakosekana. Wachezaji wakatishia kugoma. Ndipo ligi na chama chao wakatafuta mkopo wa kuwalipa. 1978 timu ikaunganishwa na Minnesota North Stars, jina Barons likafutika.

Mimi huandikia watu wanaoahidi kulipa “wiki ijayo”, kwa hivyo hii stori naijua. Mdosi akiishiwa, huuza. Wewe unaambiwa uvumilie, si unapenda kazi? Mapenzi hayalipi kodi ya nyumba.

Mkopo wa Barons haukuletwa na uvumilivu. Uliletwa na wachezaji waliokuwa tayari kuweka magongo chini. Na sisi je?