Saa za Kuzamia Katika Mji Usio na Bahari

Msomaji wa Mombasa au wa Lamu ana haki ya kuuliza: saa ya kuzamia baharini na Isiolo, wapi na wapi? Pwani iko mbali, na mto wenyewe wa Isiolo ukifika kiangazi mtu huuvuka bila ya kulowa magoti. Hata hivyo mimi ni mkusanyaji wa saa hizi, na zilizo bora nimezikuta hapa mtaa wa Wabera, mikononi mwa wazee na ndani ya makasha ya wajane.

Anayeijua historia ya mji huu hatastaajabu. Jina la Wabera ni la Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya aliyeuawa Juni 1963, lakini mji ulikuwako kabla yake. Baada ya Vita Kuu vya Kwanza walikaa Isiolo Wasomali waliokuwa askari wa Mwingereza, wengi wao Isaaq, watu wenye jamaa zao Aden na wengine mabaharia katika meli za moshi. Kwa watu wa namna hiyo saa ni zawadi ya safari. Hupewa shemeji, hupewa mkwe, hatimaye hufika mahali ambapo aliyeitengeneza hakupafikiria kabisa.

Tena kuna udhu. Mwenye saa ya kawaida huivua, akaiweka juu ya ukuta wa birika, na ni wangapi wameziacha hapo wakazikumbuka baada ya sala! Mwenye saa isiyoingia maji huisukuma juu kidogo ili maji yapite chini ya mkanda, basi. Mara tano kwa siku, mwaka mzima, pamoja na vumbi la njia ya Marsabit: hiyo ni kazi kubwa kuliko ya mzungu anayezamia siku mbili za likizo. Na kwa kuwa mwanamume wa Kiislamu havai dhahabu, chuma cha pua kinamtosha.

Saa za aina hii zilianza kupata sifa mwaka 1953, zilipotoka Fifty Fathoms ya Blancpain na Sea Wolf ya Zodiac. Zina akrabu nene zinazong'aa gizani, na duara la nje linalozungushwa kwa kidole ili mzamiaji ajue amekaa dakika ngapi chini ya maji. Mzee mmoja hapa hulizungusha inapoadhiniwa, akajua zimebaki dakika ngapi kabla ya kukimiwa sala. Nyingine zina duara lenye tarakimu 12. Hilo ukiligeuza nusu mzunguko, lakusomea saa za Kiswahili moja kwa moja: akrabu iko kwenye moja ya Kizungu, duara linasema saba. Sijaona chombo cha Uswisi kilichotufaa zaidi bila ya kukusudiwa.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi. Vijana wetu huona saa ya babu haina jina kubwa, wakaiuza kwa bei ya nauli, kisha wakanunua Rolex ya bandia. Laiti wangeifungua! Katika miaka ya 1950 na 1960 kiwanda cha Ervin Piquerez kule Uswisi kilitengeneza makasha ya saa ambayo hukaza zaidi kadiri maji yanavyoyagandamiza. Kiliyauza kwa makampuni mengi, makubwa na madogo. Longines walinunua, na Enicar walinunua. Mashine za ndani nazo, majina chungu nzima yalizipata kwa mafundi wale wale. Jina la juu ya uso wa saa mara nyingi lilikuwa la muuzaji tu. Na Warusi, ambao hapa hawakuheshimiwa kwa saa, walitoa Amphibia ya Vostok mwaka 1967, ya mita 200, kwa akili yao wenyewe.

Majina hayo madogo yalikufa kwa wingi. Seiko walipotoa saa ya kwota mwezi wa Desemba 1969, mlango ulianza kufungwa. Wafanyakazi wa saa wa Uswisi walikuwa kama 90,000 mwaka 1970, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walibaki kama thuluthi yao. Kwa hivyo saa ya babu haina kiwanda cha kuirudia.

Rai yangu ni kwamba tuzizuie zisitoke ovyo, na zaidi tuzizuie zisiharibiwe. Niliwahi kumpa fundi, simtaji, saa yenye uso uliogeuka rangi ya kahawa kwa umri. Akanirudishia imepakwa rangi nyeusi inayong'aa kama kiatu cha Idi. Alifikiri ananifanyia hisani. Uso ukichakaa, uachwe. Kinachotaka kubadilishwa ni mpira wa kuzuia maji, kwa kuwa hukauka, na saa ya mita 200 ya mwaka 1970 yaweza kujaa maji kwa udhu mmoja. Mwambieni fundi pia asiikwangue ile rangi ing'aayo gizani wala asipulize unga wake: katika saa za zamani mpaka miaka ya 1960 hutiwa radiumu, nayo ni sumu hata kama imeacha kung'aa. Yenye herufi T chini ya uso ina tritiamu, ambayo si kali kama hiyo.

Na kabla mzee hajatutoka, aulizwe aliipata wapi, kwa nani, bandari gani. Mimi huandika katika karatasi, nikaikunja pamoja na saa. Ninayoivaa leo jina lake limefutika, imebaki herufi ya mwisho tu. Huchelewa dakika mbili kwa siku, nami huirudisha kila baada ya alasiri.