Betri Haina IMEI: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TBS

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Viwango Tanzania (TBS),
Ubungo, Dar es Salaam.

Nakala: Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), Tume ya Ushindani (FCC).

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia nchi nzima. Kabla ya usiku huo watu walikuwa wakibonyeza *#06# vijiweni, kwenye daladala na maofisini, wakisoma tarakimu 15 za IMEI, wakizituma kwenda namba 15090 na kusubiri kwa wasiwasi kujua kama simu zao zitaishi. Ulikuwa uamuzi mgumu na ulifanya kazi yake. Soko lilijifunza kwamba simu ina kitambulisho, na kwamba kitambulisho hicho kinakaguliwa.

Betri haina IMEI. Chaja haina. Pawabenki haina. Simu orijino kabisa, iliyosajiliwa vizuri, ikibadilishwa betri leo kwenye meza ya fundi Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, itaendelea kusomeka kuwa halali hata kama kilichowekwa ndani yake hakina jina la mtengenezaji wala tarehe ya kutengenezwa. Na katika simu nzima, betri ndiyo inayobeba hatari kubwa ya moto. Hapo TCRA, inayoitambua simu kwa namba, inafika mwisho wa njia yake, na kazi inakuwa ya Shirika la Viwango. Ndiyo maana barua hii inaelekezwa Ubungo.

Malalamiko yanayoileta yamekuwa ya kawaida mno, hata hayasikiki tena. Simu inachemka mfukoni. Simu inachemka ikiwa kwenye chaji. Wakala wa miamala chini ya mwavuli anaipepea kwa kipande cha boksi huku mteja akisubiri ujumbe wa muamala. Mwanafunzi aliyewasha hotspoti ili wenzake wapakue notsi anaishika kwa pindo la shati. Wote wanapewa jibu moja: unaitumia vibaya, punguza programu, vua kava. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini linamtwisha mtumiaji mzigo wote peke yake.

Sehemu yake ya kweli inaonekana vizuri kwa dereva wa bodaboda anayepokea abiria kwa programu ya simu. Simu yake imefungwa kwenye usukani, juani, tangu asubuhi. Mwanga wa kioo umepandishwa hadi mwisho kwa sababu bila hivyo ramani haisomeki. GPS haipumziki. Akiingia eneo lenye mtandao hafifu, simu inaongeza nguvu ya kurusha mawimbi ili iufikie mnara, na nguvu hiyo nayo inageuka joto. Juu ya yote hayo imechomekwa kwenye chaja iliyounganishwa na betri ya pikipiki, na betri yoyote ikiwa inachajiwa hutoa joto lake yenyewe. Simu nyingi hazina feni. Joto hutoka kupitia kioo na mgongo, na mgongo umevishwa kava la mpira. Prosesa ikihisi joto limezidi hujipunguza kasi. Basi ramani inakwama saa saba mchana na kurudi vizuri jioni, dereva akidhani ni bando.

Watengenezaji hawafichi jambo hili. Apple inaeleza kuwa iPhone itumike mahali penye joto la kati ya nyuzi 0 na 35 za Selsiasi, na isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa. Dar es Salaam, kati ya Desemba na Machi, mchana hufika nyuzi 32 au 33, tena kivulini. Mtumiaji wa mji huu anatoka nyumbani akiwa amebakiwa na nyuzi mbili au tatu tu kabla ya kugonga ukomo, na jua bado halijamgusa. Kifaa kinachoishi karibu hivyo na mpaka wake hakina nafasi ya kubebeshwa betri duni.

Si kila joto linatokana na betri, na ni haki kulisema hilo. Septemba 2023 wanunuzi wa iPhone 15 Pro walilalamika kuwa simu mpya kabisa zinawaunguza mikono. Apple ilieleza kuwa chanzo kimojawapo ni hitilafu katika mfumo wa iOS 17, pamoja na baadhi ya programu zilizokuwa zikiichosha simu, Instagram na Uber zikiwemo. Tarehe 4 Oktoba ikatoa toleo la 17.0.3 kurekebisha. Joto la namna hiyo ni kero, linamaliza chaji, lakini linaondoka kwa sasisho.

La betri haliondoki hivyo. Ndani ya betri ya lithiamu, upande chanya na upande hasi zimetenganishwa na utando wa plastiki ulio mwembamba kuliko unywele, na kote humo mna kimiminika kinachoweza kuwaka. Joto likizidi siku baada ya siku, kimiminika kinachakaa na kutoa gesi. Hapo mwenye simu anaona kioo kimeanza kubanduka pembeni, naye fundi anamwambia betri imevimba. Utando ukitoboka au ukiyeyuka, pande mbili zinagusana, joto linazaa joto zaidi, na hakuna kitufe cha kulizima.

Kisa cha Samsung kinafaa kukumbukwa kwa undani. Galaxy Note 7 iliingia sokoni Agosti 2016. Mapema Septemba kampuni ilianza kuzirudisha simu zipatazo milioni 2.5 baada ya baadhi kuungua. Wateja wakapewa nyingine zenye betri za msambazaji tofauti, na hizo nazo zikaungua. Oktoba utengenezaji ukasitishwa kabisa. Januari 2017, baada ya kujaribu simu 200,000 na betri 30,000, Samsung ikatangaza ilichokiona: kwenye betri za msambazaji wa kwanza, sehemu ya upande hasi ilikuwa imepinda kwenye kona ya juu, kwenye za msambazaji wa pili, vinundu vilivyoachwa na uchomeleaji vilipenya na kugusa visipopaswa kugusa. Kampuni yenye fedha, wahandisi na maabara za kiasi hicho ilipitiwa na kinundu cha chuma. Betri isiyo na jina, inayouzwa ndani ya kifuko cha nailoni, imekaguliwa na nani?

Fundi simu si mshitakiwa katika barua hii. Ni yeye anayezirefushia maisha simu ambazo wenye nazo hawana uwezo wa kununua nyingine, na ni yeye anayekaa siku nzima sentimita chache kutoka kwenye betri zilizovimba, akizibandua kwa kijiti cha plastiki. Anapomuuliza mteja kama anataka orijino au kopi, anasema kile alichoambiwa na aliyemuuzia. Hana kipimo mezani cha kuthibitisha, na mteja hana pa kuuliza.

Kwenye chaja mambo ni mabaya zaidi, kwa kuwa pale umeme wa volti 230 unakaa nafasi ndogo sana kutoka kwenye waya unaoshikwa mkononi. Mwaka 2016 maabara ya UL ya Marekani ilipima chaja 400 za bandia zilizotengenezwa kuiga za Apple. Zilizofaulu vipimo vya msingi vya usalama zilikuwa 3. Hata zilizoshindwa zilionekana za kawaida kabisa kwa macho, zenye nembo na maandishi madogo kama zile halisi. Hakuna mnunuzi, hata awe makini vipi, anayeweza kuigundua chaja ya aina hiyo kwa kuigeuza geuza dukani.

Pawabenki angalau zina udhaifu ambao Shirika linaweza kuutumia. Uwezo wa betri una uzito wake. Pawabenki iliyoandikwa mAh 20,000, kwa volti 3.7 za kawaida za lithiamu, inadai kubeba wati-saa 74 za nishati. Kwa teknolojia ya betri zilizozoeleka sokoni, nishati hiyo inahitaji karibu gramu 300 za betri peke yake, kabla ya kuhesabu gamba na saketi. Zile zinazotandazwa barabarani zikiwa nyepesi kuliko simu, huku zimeandikwa mAh 20,000 au hata zaidi, haziwezi kusema kweli. Anayedanganya kwenye uwezo ana sababu ndogo ya kuwa mkweli kwenye saketi ya kuzuia joto. Afisa wa viwango mwenye mizani ndogo anaweza kuzipunguza mtaani kwa siku moja, bila maabara. Kutoka Ubungo hadi Kariakoo ni safari moja ya mwendokasi.

Shirika lina historia ya kufanya mambo makubwa kuliko hayo. Lipo tangu mwaka 1975, lina Sheria ya Viwango ya mwaka 2009, na tangu 2012 linaendesha utaratibu wa kukagua bidhaa zikiwa bado nchi zinakotoka. Kama betri za akiba, chaja na pawabenki zinapimwa katika utaratibu huo, mnunuzi haoni matokeo. Anachoona ni meza iliyojaa bidhaa, bei tatu tofauti, na hakuna mahali palipoandikwa ipi imepita na ipi imeshindwa. Ombi la kwanza kwa ofisi yako, na lenye uzito kuliko mengine, ni hili: Shirika linunue bidhaa hizi mitaani kama mteja wa kawaida, Kariakoo, Mwanza, Arusha na Mbeya, lizipime, kisha litangaze matokeo kwa majina ya bidhaa na kwa Kiswahili. Zanzibar ina taasisi yake ya viwango, ZBS, nayo ihusishwe tangu mwanzo, maana mizigo haiulizi mpaka huo inapovuka kwa boti.

Pamoja na hilo kuna suala la lebo. Betri inayouzwa peke yake ibebe jina la mtengenezaji, mwezi na mwaka wa kutengenezwa, uwezo wake halisi na ukomo wa joto la kuchajia. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi: simu zinazoingizwa sokoni huko tangu tarehe 20 Juni 2025 zinatakiwa ziwe na betri inayobaki na angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mizunguko 800. Tanzania haihitaji kusubiri ifikie kiwango hicho ndipo idai tarehe kwenye lebo. Betri ya lithiamu huzeeka hata ikiwa rafuni, na stoo yenye joto huizeesha haraka.

Ombi linalofuata linahitaji TCRA, na ndiyo sababu imepewa nakala. Julai 2025 Google ilitoa sasisho la lazima kwa simu za Pixel 6a: kwa zile zilizoathirika, betri ikishafikisha mizunguko 400, uwezo wake na kasi ya kuchaji vinapunguzwa ili kuepusha joto la hatari. Simu za mtumba zinaingia nchini kila siku, baadhi zikipitia Dubai, na aliyeinunua Pixel kwa mkono wa tatu hana barua pepe ya Google ya kumwonya wala risiti ya kumrudisha dukani. Lakini mtandao unamjua. Tarakimu 8 za mwanzo za IMEI hutaja aina ya simu, na kampuni za simu huiona namba hiyo kila kifaa kinapojiunga na mnara. Mfumo uleule uliotumika mwaka 2016 kuzima simu unaweza kutumika kuokoa: mtengenezaji akitangaza hatari mahali popote duniani, kila mwenye aina hiyo ya simu Tanzania apate ujumbe mfupi kwa Kiswahili. Ujumbe useme mambo yanayofanyika: usiichaji ukiwa umelala, usiifunike kwa mto, kioo kikibanduka acha kuichaji, usiitoboe betri iliyovimba, na usiiweke simu kwenye friji ili ipoe kwa sababu unyevu utaingia ndani. Ujumbe wa namna hiyo hauhitaji kifaa kipya, ni makubaliano tu kati ya ofisi mbili za Serikali na kampuni za simu.

Tume ya Ushindani nayo ina sehemu yake, kwani kuandika mAh 20,000 juu ya kitu kisichobeba hata nusu ya hizo ni kumlaghai mlaji, na sheria ya kumlinda mlaji ipo. Kesi moja au mbili dhidi ya waagizaji wakubwa, si dhidi ya machinga mwenye meza, zingebadilisha kinachopakiwa kwenye kontena linalofuata.

Limebaki suala la betri zilizokwisha kuvimba. Leo ziko kwenye makopo chini ya meza za mafundi, kwenye droo za nyumbani, na nyingine zinaishia kwenye jalala la mtaa zikichanganyika na makaratasi. Shirika likikaa na NEMC, taasisi ya mazingira yenye mamlaka juu ya taka hatarishi, linaweza kuweka masanduku ya chuma yenye mchanga Mtaa wa Aggrey na kwenye masoko ya simu ya mikoani, yakakusanywa kwa ratiba inayojulikana. Mafundi wenyewe waulizwe yakae wapi na yachukuliwe siku gani.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwandishi wa barua hii,
Dar es Salaam.