Mafundi, ondoeni kutu kabla ya rangi

Mhariri,

Nina dukuduku kuhusu mafundi wa milango na madirisha ya chuma.

Mwaka jana niliuza mpunga nikatengenezewa geti hapa Lumemo. Lilipakwa rangi likang'aa. Masika yalipokwisha rangi ilibanduka kama magamba, na chini yake kutu tupu. Fundi alipaka juu ya kutu, vumbi na mafuta. Kweli, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Ndugu mafundi, rangi hushika chuma kisafi tu. Futeni mafuta kwa thina, sugueni kutu na mabaki ya kuchomelea kwa brashi ya waya na msasa, panguseni vumbi, kisha pakeni praima siku hiyo hiyo. Bonde letu la Kilombero lina unyevu. Kutu hurudi upesi. Hata rangi ya unga, inayookwa kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 180 hadi 200, haishiki chuma kichafu.

Nasi wateja tusiruhusu rangi kabla ya kukikagua chuma kwa macho yetu. Fedha ya mkulima haiokotwi.

Mkulima,
Lumemo, Ifakara.