Insecticide na fungicide: Mkulima, uliza dawa inaua nini

MKULIMA wa nyanya anapoingia katika duka la pembejeo, mara nyingi hutamka neno moja tu: dawa. "Nipe dawa ya nyanya." Muuzaji naye hunyoosha mkono kwenye rafu, akachukua chupa au pakiti, akapokea fedha na biashara ikaishia hapo.

Kwenye lebo ya chupa au pakiti hiyo kuna neno la Kiingereza ambalo huenda hakuna kati yao aliyelisoma. Linaweza kuwa "insecticide". Linaweza pia kuwa "fungicide". Maneno hayo yanafanana mwisho wake, bidhaa zake hupangwa rafu moja, na zote kwetu zinaitwa dawa. Lakini zikifika shambani, tofauti yake ndiyo inayoamua kama utavuna au utakula hasara.

Tuanze na maana. Mkia huo wa "-cide" umetoka katika Kilatini, na maana yake ni kuua. Kinachotangulia mkia ndicho kinachouawa. "Insect" ni mdudu, kwa hiyo "insecticide" ni kiuadudu. "Fungus" ni kuvu, au ukungu kama wakulima wengi wanavyouita, kwa hiyo "fungicide" ni kiuakuvu. Yupo na ndugu wa tatu, "herbicide", ambaye ni kiuagugu.

Jina la ukoo mzima ni "pesticide", ambalo wataalamu wetu wanaliita viuatilifu. Mtu akikwambia anauza "pesticide" bado hajakwambia inaua nini. Ni sawa na mtu kukwambia anauza mifugo bila kusema kama ni mbuzi au kuku.

Sasa twende shambani. Mkulima wa nyanya, awe Ilula mkoani Iringa au Lushoto mkoani Tanga, ana maadui wawili wakubwa wanaomfilisi kwa njia tofauti kabisa.

Adui wa kwanza ni bakajani chelewa, ugonjwa wa jamii ya ukungu unaopenda baridi na unyevunyevu. Majani hupata mabaka meusi yanayoonekana kama yamelowa maji, na asubuhi yenye umande ukigeuza jani unaweza kuona utando mweupe kwa chini. Ugonjwa huu ndio ulioteketeza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845 na kusababisha njaa iliyoua watu wapatao milioni moja. Si ugonjwa wa kuchezea.

Adui wa pili ni kantangaze, nondo mdogo aliyetokea Amerika ya Kusini na kuripotiwa hapa Tanzania mwaka 2014. Kiwavi wake huingia ndani ya jani na kulila katikati, akaacha ngozi ya juu na ya chini kama karatasi. Kisha hutoboa tunda. Ukipandisha jani kwenye mwanga utaona njia alizopita na kinyesi chake cheusi.

Kwa mbali mashamba hayo mawili yanafanana: majani yamekauka, yamekuwa ya kahawia, kama yameunguzwa na moto. Mkulima anayetazama akiwa njiani atasema nyanya zimeungua na kukimbilia dukani kutafuta dawa. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Mancozeb, iliyotumika kwa miaka mingi katika nyanya na viazi, ni kiuakuvu. Ukimpulizia kantangaze mancozeb, kiwavi ataendelea kula akiwa salama ndani ya jani lake. Cypermethrin na lambda-cyhalothrin ni viuadudu. Ukizipulizia kwenye bakajani, ukungu utaendelea kusambaa kama vile umenyunyiza maji matupu.

Hali ni hiyo hiyo kwa mkulima wa korosho wa Mtwara na Lindi. Ubwiriunga ni ukungu, unaonekana kama unga mweupe juu ya majani machanga na maua, na salfa ndiyo kinga yake ya siku nyingi. Lakini yupo pia mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi na maua mpaka yakawa meusi na kunyauka. Kwa wote wawili mwisho wake ni maua kukauka na korosho kutoonekana. Salfa haimuui mbu huyo. Mkulima anayerudia salfa mara ya nne kwa sababu "haijashika" huenda anapigana na adui ambaye hayupo, huku aliyepo akiendelea kufyonza.

Tuchukue hesabu ya mfano, nawe uweke bei za duka lako. Tuseme dawa ya kupulizia nyanya ekari moja ni Sh15,000 na kibarua wa kubeba bomba ni Sh10,000. Mzunguko mmoja ni Sh25,000. Akipuliza mara tatu dawa isiyo yake, ametupa Sh75,000. Hiyo ndiyo hasara ndogo. Hasara kubwa ni zile wiki mbili au tatu zilizopita wakati tatizo lenyewe likikua. Atakapoipata dawa sahihi, hakutakuwa tena na shamba la kuokoa.

Tofauti nyingine inahusu wakati. Viuakuvu vingi, mancozeb ikiwamo, ni vya kinga. Hukaa juu ya jani na kuzuia ukungu usiingie. Jani likishaoza havilirudishi. Kwa hiyo hupulizwa hali ya hewa inapoanza kuwa ya ugonjwa, kabla mabaka hayajatapakaa. Kiuadudu, kwa upande wake, kisipulizwe kwa mazoea. Kagua shamba kwanza, uone mdudu yupo na ni wengi kiasi gani. Anayepuliza kiuadudu hicho hicho kila wiki, mdudu awepo asiwepo, anawafundisha wadudu kukizoea na anawaua nyuki na wadudu wengine wanaomsaidia.

Yapo pia matatizo ambayo hakuna kati ya ndugu hawa wawili anayeyatibu. Nyanya zinazokunja majani na kudumaa, ambazo wakulima huziita rasta, zina virusi. Virusi haviuawi kwa kupuliza. Kinachowezekana ni kuwadhibiti nzi weupe wanaovisambaza, na kung'oa mapema mche ulioambukizwa. Mnyauko unaoletwa na bakteria nao hausikii kiuakuvu cha aina yoyote. Muuzaji anayekuuzia dawa ya kutibu hayo anakuuzia maneno.

Wapo wakulima wanaodhani wana njia ya mkato, nayo ni rangi. Chini ya lebo nyingi kuna utepe mwekundu, wa njano, wa bluu au wa kijani. Wengine wanaamini kijani ni ya ukungu na nyekundu ni ya wadudu. Sivyo. Utepe huo unaeleza ukali wa sumu kwa binadamu: nyekundu ni kali zaidi, zikifuata njano, bluu na kijani. Kiuadudu na kiuakuvu vinaweza kuwa na rangi moja, na hata chenye utepe wa kijani bado ni sumu.

Wauzaji wa pembejeo nao wana utetezi wao, na ni haki tuusikilize. Wanasema mteja huja na jina la bidhaa aliloambiwa na jirani, halafu hataki kuulizwa maswali. Wengine, kwa nia njema, humpa mkulima zote mbili na kumwambia azichanganye kwenye bomba moja ili asikose.

Utetezi wa kwanza una ukweli ndani yake. Wa pili siukubali. Kuchanganya bila lebo kuruhusu ni kumlipisha mkulima mara mbili kwa tatizo moja, na baadhi ya michanganyiko hupunguza nguvu ya dawa au huunguza mmea. Ni kweli zipo bidhaa zilizotengenezwa kiwandani zikiwa na vyote viwili, hasa za kupaka mbegu, lakini hizo lebo yake husema hivyo.

Kwa maoni yangu, mzizi wa tatizo hili uko katika neno letu "dawa". Ni neno zuri, lakini limebeba mizigo mingi mno. Dawa ya mtoto mwenye homa, dawa ya mswaki na sumu ya kuua viwavi, vyote ni dawa. Neno hilo linaficha mambo mawili ambayo mkulima lazima ayajue: kwamba hiki ni kitu cha kuua, na kwamba kinaua kitu fulani tu. Anayeamini amenunua dawa akiona haifanyi kazi huongeza kipimo, kama mgonjwa anayeongeza vidonge. Kipimo kikizidi, sumu humrudia mpulizaji mwenyewe na mlaji wa nyanya zake.

Maneno ya Kiswahili tunayo: kiuadudu, kiuakuvu, kiuagugu. Tatizo ni kwamba yamebaki kwenye semina na vitabu vya wataalamu. Lebo nyingi zina maelezo ya Kiswahili, lakini kwa herufi ndogo zinazohitaji miwani, wakati jina la biashara limeandikwa kubwa la kuonekana toka barabarani.

Naishauri Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, iagize neno linaloeleza kazi ya bidhaa liandikwe kwa Kiswahili upande wa mbele, kwa herufi zinazolingana na za jina la biashara. KIUAKUVU. KIUADUDU. KIUAGUGU. Agizo kama hilo halihitaji kiwanda kipya; linahitaji wino tu.

Wenye maduka wasisubiri agizo. Panga rafu tatu, kila moja na kibao chake juu. Viuagugu viwe mbali na vingine, maana kosa la kupuliza kiuagugu kwenye nyanya halina marekebisho. Duka litakalofanya hivyo halitapoteza wateja. Mkulima aliyepona hurudi na jirani yake.

Na wewe mkulima, usiende dukani mikono mitupu. Chuma majani mawili matatu yenye tatizo, na tunda kama limeathirika, uyaweke kwenye mfuko na kuyapeleka kwa bwana shamba au kwa muuzaji unayemwamini. Kabla ya kutoa fedha uliza maswali matatu: Hii inaua nini? Kwenye shamba langu kitu hicho kipo? Nikishapuliza nisubiri siku ngapi kabla ya kuvuna? Kisha tafuta kwenye lebo neno "insecticide" au "fungicide", uone kama linaafikiana na jibu ulilopewa.

Huhitaji kujua Kiingereza chote. Yatosha kuyajua maneno hayo mawili, maana msimu mzima unaweza kuwa umeyategemea. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na katika kilimo asiyeuliza pia hana avunalo.